Betri Iliyovimba Chini ya Kitanda

Ulikuwa usiku wa Ramadhani, kumi la pili, mnamo saa tisa na nusu, wakati akina mama wanapoamka kupasha daku. Binti yetu, anayeishi na mumewe na watoto watatu katika vyumba viwili vya kupanga huko Majengo, Pumwani, aliamshwa na kengele ya simu kama ilivyo desturi yake. Mumewe alikuwa kazini, zamu ya usiku. Kabla hajalifikia jiko, binti yetu alisikia harufu asiyoizoea, harufu tamu yenye kupanda puani, mfano wa ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Alidhani mmoja wa mabinti amemwaga kichupa. Akawasha taa, akainama, na chini ya kitanda wanacholala watoto akaiona betri ya gari la kuchezea la mwanawe, ingali imeunganishwa na chaja ukutani, imeumuka kama hamri lililotoka kwenye mafuta.

Hakupiga kelele. Alizima swichi ya ukutani, akawaamsha watoto na kuwatoa uani na blanketi zao, kisha akarudi na koleo la makaa na sufuria kuukuu, akaitia betri humo na kuiweka katikati ya uwanja, mbali na kamba za nguo. Ndipo alipotupigia simu. Nasi tuliokuwa tukijiandaa kwa daku yetu, hatukuelewa vyema alilokuwa akilisema. Tulimwambia, "Betri ni betri, mwanangu, itupe jalalani tule daku." Tunakiri leo kwamba jibu letu lilikuwa la mtu asiyejua, na ndiyo sababu ya kuiandika makala hii.

Wasomaji wetu walioko Mombasa, Malindi na Lamu pengine wataona jambo hili ni la watoto wa Nairobi tu. La hasha. Betri za namna hii zimo katika nyumba zetu nyingi, kwa majina na maumbo mbalimbali: zimo katika simu, katika pawabanki, katika taa za kuchaji, katika droni zinazopiga picha za harusi zetu, na katika hayo magari ya rimoti yanayouzwa kila msimu wa Idi. Tofauti ni kwamba simu na pawabanki huja na kifaa cha ulinzi ndani yake, ilhali betri ya gari la kuchezea la mbio huja uchi, na ulinzi wake wote umewekwa mikononi mwa anayeichaji. Anayeichaji, mara nyingi, ni mtoto wa miaka kumi na miwili.

Mjukuu wetu alilipata gari hilo Gikomba. Walioishi Eastlands wanajua kuwa katika mitumba ya Gikomba hazimo nguo na viatu peke yake, bali kuna marobota ya vitu vya kuchezea vya watoto wa Ulaya, vingine vizima kabisa, vikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu vimekuja bila chaja wala rimoti. Gari lake lilikuja na rimoti na betri, bila chaja. Mtoto alikusanya akiba yake ya siku nyingi, akaenda kwa muuzaji mmoja wa vifaa vya umeme, akamwonyesha betri iliyoandikwa volti 7.4. Muuzaji akampa chaja iliyoandikwa volti 7.2. Plagi hazikuingiliana, basi akamkatia waya, akambadilishia kichwa, akampokea fedha zake na kumwambia tofauti ya nukta mbili si kitu.

Hapo ndipo palipo kiini cha habari yote. Tofauti haikuwa ya nukta mbili. Ile chaja ya volti 7.2 ilitengenezwa kwa betri za nikeli, zile ngumu za mviringo zilizofungwa sita pamoja, ambazo zina uvumilivu: zikijaa, zikiendelea kutiwa umeme mdogo, hupata joto na kuhimili kwa muda. Betri ya mjukuu wetu ilikuwa ya lithiamu polima, ambayo haina uvumilivu huo hata kidogo. Chaja ya nikeli haijui pa kusimama panapofaa lithiamu. Iliendelea kusukuma umeme saa baada ya saa, na watoto watatu wamelala juu yake.

Asubuhi ile, baada ya kutafuta sana mtu wa kutueleza, tulielekezwa kwa fundi mmoja kijana wa Umoja ambaye hutengeneza simu na droni. Tulimkuta kwenye kibanda chake, na tulipotaja betri iliyovimba aliacha simu aliyokuwa nayo mkononi.

"Shekhe, umekuja nayo?" akauliza.

Tukamwambia imo ndani ya ndoo ya mchanga, uani kwa binti yetu.

"Alhamdulillahi. Basi twende tukaione huko huko. Usiilete kwa matatu."

Alikuja na mita yake ya kupimia. Betri ile ilikuwa na seli mbili zilizofungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, ndani ya ganda moja laini. Alipima kwa zile nyaya tatu nyembamba zilizo kwenye plagi ndogo nyeupe. Seli ya kwanza ilisoma volti 4.41, ya pili volti 4.22. Akatwambia kwamba kikomo cha seli ya namna hii ni volti 4.20, na kwamba kila nukta inayopita hapo ni hatari inayoongezwa. Zote mbili zilikuwa zimepita, na ile ya kwanza, iliyovimba zaidi, ilikuwa imepita mbali.

Tulimwomba atueleze kwa lugha ya watu wa nyumbani, na maelezo yake tunayaleta hapa kadiri tulivyoyafahamu na kuyahakikisha baadaye.

Ndani ya seli moja kuna karatasi nyembamba mbili za madini zilizokunjwa pamoja, moja ya shaba iliyopakwa kaboni, nyingine ya alumini iliyopakwa mchanganyiko wa lithiamu na madini mengine, ambayo mara nyingi ni kobalti. (Kobalti nyingi ya dunia hutoka kwa jirani zetu wa Kongo, pande za Kolwezi, na hiyo ni habari nyingine yenye machungu yake.) Kati ya karatasi hizo pana utando mwembamba wa plastiki, na vyote vimeloweshwa kwa kioevu chenye kushika moto kwa urahisi. Tunapochaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande wa alumini hadi upande wa kaboni na kujipanga humo. Tunapotumia, hurejea zilikotoka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo umeme wetu. Wataalamu watatu walioijengea msingi kazi hii, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, na Goodenough alikuwa na miaka 97 alipoipokea. Kampuni ya Sony ilikuwa ya kwanza kuziuza betri hizi, mwaka 1991.

Betri ikijazwa kupita kikomo, kaboni huwa haina nafasi tena. Lithiamu huanza kuganda juu yake kama kutu la fedha, kile kioevu huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi ndiyo inayolifutua ganda. Ile harufu tamu aliyoisikia binti yetu ilikuwa ya kioevu hicho. Joto likizidi, utando wa katikati huyeyuka, karatasi mbili hugusana, na hapo moto haungoji njiti. Ubaya wake zaidi ni kwamba upande wa alumini ukipata joto kali hutoa oksijeni wenyewe, kwa hiyo moto huo hauzimiki barabara kwa kufunikwa blanketi kama unavyozimika moto wa mafuta ya kukaangia.

Sasa tuje kwenye kusawazisha, ambalo ndilo neno tulilojifunza siku ile na ambalo wazazi wengi hawajalisikia.

Chukua mfano wa mama anayepakua uji kwenye mabakuli mawili, upawa kwa upawa, huku na huku, kila bakuli kiasi kilekile. Ikiwa mabakuli yalikuwa matupu sawasawa, yatajaa pamoja. Lakini kama moja lilikuwa na uji uliobakia, litafurika wakati la pili bado halijafika ukingoni. Mama ana macho, ataona na kuacha. Chaja isiyosawazisha haina macho ya namna hiyo. Huangalia jumla tu. Betri ya seli mbili ikijaa kwa haki huwa na volti 8.40, yaani 4.20 na 4.20. Lakini 4.35 na 4.05 pia ni 8.40. Chaja itasema kazi imekamilika, taa ya kijani itawaka, mtoto atafurahi, na huku seli moja imepita kikomo na nyenziwe ina njaa.

Kwa nini seli zitofautiane hali zimezaliwa pamoja? Kwa sababu hazizeeki sawa. Moja hupata joto zaidi kwa kukaa karibu na mota, nyingine iligongwa gari lilipopinduka, nyingine ilitoka kiwandani na upungufu mdogo usioonekana. Kila mara betri inapotumika tofauti hukua kidogo. Ndipo ikawekwa ile plagi ndogo nyeupe, ambayo idadi ya nyaya zake huzidi idadi ya seli kwa moja: seli mbili nyaya tatu, seli tatu nyaya nne. Kwa nyaya hizo chaja ya kusawazisha husoma kila seli peke yake. Ikiona moja imetangulia, huupunguza umeme wake kwa kuupitisha kwenye kizuizi kidogo unakogeuka joto, hadi ile nyingine iifikie. Kazi hii ni ya polepole, na mwisho wake ndio mrefu kuliko mwanzo, kwa hiyo mtoto asichomoe kwa sababu skrini imeandika asilimia tisini na tano.

Fundi alimuuzia mjukuu wetu chaja ya namna hiyo, iliyotumika, na betri nyingine ya kiasi kilekile. Tulikaa naye uani hadi adhuhuri akimfundisha, nasi tukijifunza pembeni kama wanafunzi wa chuoni siku ya kwanza, wala hatukuona haya.

Jambo la kwanza alilomfundisha ni kuchagua aina. Chaja hizi hushughulikia betri za namna nyingi, na katika skrini yake mtoto lazima achague LiPo, wala si NiMH ambayo ndiyo nikeli. Kosa la chaguo hili ndilo lilelile la muuzaji wa kwanza, isipokuwa sasa linafanywa kwa kidole.

La pili, idadi ya seli. Chaja huuliza, na jibu limeandikwa juu ya betri: 2S ni seli mbili, 3S ni tatu. Betri ya seli mbili ikichajiwa kwa hesabu ya tatu, itasukumwa kuelekea volti 12.6 badala ya 8.4. Chaja nyingi huhesabu zenyewe na kukataa zikiona kosa. Fundi akasema, "Usiiachie ikuhesabie. Hesabu wewe kwanza, kisha uone kama mmekubaliana."

La tatu ni kasi. Betri ya mjukuu wetu imeandikwa 2200, yaani inaweza kutoa ampea 2.2 kwa muda wa saa moja. Kanuni ya salama ni kuichaji kwa kasi hiyo hiyo isiyozidi, ampea 2.2, na fundi akaiweka 2.0 ili pawe na nafasi. Kwa kasi hiyo betri iliyotumika sana hujaa kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Juu ya betri hiyo pia pameandikwa 25C, na hapa watoto wengi hukosea, wakadhani wanaweza kuchaji mara ishirini na tano kwa haraka zaidi. Nambari hiyo ni ya kutoa umeme gari linapokimbia, haihusiani na kuutia. Asiyejua tofauti hii ana hatari kubwa kuliko asiyejua chochote.

La nne, plagi zote mbili, ile nene ya nyekundu na nyeusi na ile ndogo nyeupe. Mtoto mvivu huunganisha nene peke yake kwa sababu chaja itakubali. Itakubali, ila kwa namna ya kuchaji bila kusawazisha, tukarudi palepale kwenye mabakuli mawili ya uji.

Kisha kuna upande wa pili wa ukomo, ambao hausemwi sana. Betri hii haipendi kuisha kabisa kama isivyopenda kuzidi. Seli ikishuka mbali sana chini ya volti 3.0, shaba iliyo ndani huanza kuharibika, na ukija kuichaji baadaye huenda ikajifanyia njia ya mkato ndani kwa ndani. Fundi alimpa mtoto kingʼora kidogo kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe gari linapokimbia. Kimepangwa 3.5. Kikilia, mchezo umekwisha, hata kama mbio zimebakia mzunguko mmoja. Jirani zetu wameshakilalamikia kingʼora hicho, na wana haki, kwani mlio wake unapasua masikio.

Na baada ya kucheza, betri ingojewe ipoe kabla ya kuchajiwa. Aishike kwa kiganja: ikiwa bado ina uvuguvugu, bado.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya mahali. Binti yetu alisema haitachajiwa ndani tena. Mtoto akapendekeza ukumbini, yaani ile njia ya katikati inayopita kati ya vyumba, kwa maana nyumba za Majengo nyingi zimejengwa kwa mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba kulia na kushoto, kila chumba na familia yake. Sisi tukaona ni rai njema, kwani pana sakafu ya saruji tupu. Fundi akatikisa kichwa. "Shekhe, moto ukizuka ukumbini, hawa wote watatokea wapi?" Hatukuwa na jibu. Ukumbi ndio mlango wa watu wa vyumba vyote. Kitu chenye kuhofiwa moto hakiwekwi baina ya mtu na mlango wake.

Ikaamuliwa uani, mchana, kivulini, mvua ikiwa haipo, juu ya tofali mbili na ndani ya chungu cha udongo kilichopasuka mdomo, na ndoo ya mchanga na ndoo ya maji karibu. Pasiwe na godoro, pazia, mafuta ya taa wala mtungi wa gesi. Waya wa ekstensheni usiwe ule ule uliobeba friji na pasi. Na awepo mtu mzima aliye macho, si kwa maana ya kulala karibu. Stima ikikatika, jambo lisilo geni kwa mtaa wetu, betri ichomolewe, na umeme ukirudi mambo yaanzwe upya kwa kuangalia kila chaguo, maana hatutaki chaja ijiamulie.

Kwa watu wa dini yetu hili la usiku si geni. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kuuacha moto ukiwaka majumbani mwao wanapolala, na katika mapokezi ya Bukhari na Muslim imekuja habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku na watu wake wamo ndani. Pia ametajwa panya avutaye utambi na kuwaunguzia watu nyumba. Tumelisoma hilo tangu tukiwa chuoni na tukalifahamu kuwa ni la taa za mafuta. Panya wa Majengo hawana utambi wa kuvuta siku hizi, lakini nyaya za chaja wanazitafuna vizuri sana.

Ikiwa betri imeanza kutoa moshi au kutoa sauti ya kufoka, isibebwe. Alivyofanya binti yetu kwa koleo na sufuria ilifaa kwa sababu ilikuwa imevimba tu, haijawa moto wala haijatoa moshi, na fundi alisema wazi kuwa ilikuwa bahati pia. Penye moshi, kwanza watu watoke, hata kama ni uchi wa kichwa na miguu mitupu. Moshi wa lithiamu una sumu inayochoma mapafu, usivutwe hata kwa dakika ya kuokoa nguo. Umeme wa nyumba ukizimwa kwenye swichi kuu, maji mengi husaidia kupoza betri na kuvilinda vilivyo jirani, na mchanga huzuia cheche zisitawanyike.

Tunayasema haya tukijua mtaa wetu. Mnamo Juni 2018 moto wa Gikomba uliua watu wasiopungua 15, na wengi wanakumbuka. Hatusemi uliletwa na betri. Tunakumbusha tu jinsi vichochoro vyetu vilivyo vyembamba na jinsi gari la zimamoto linavyohangaika kupita. Katika nyumba ya binti yetu mna familia saba nyingine, na hakuna hata moja iliyoulizwa kama inaridhia chini ya kitanda cha jirani pawe na kitu cha namna ile. Siku ya pili yake binti yetu alipita mlango kwa mlango akawaeleza na kuwaomba radhi. Wengi walimsamehe. Bibi mmoja mzee, aliyezaliwa Pumwani na kuuona mtaa ukiungua zaidi ya mara moja, hakumjibu kitu kwa siku tatu.

Ama sisi, rai yetu ya kwanza ilikuwa gari lile lichukuliwe na lifungiwe kabatini. Tulimwambia binti yetu hivyo mbele ya mtoto. Akanyamaza mpaka mtoto alipotoka, kisha akasema, "Baba, tangu alipate gari hili hajawahi kukaa na wale vijana wa kona. Saa kumi yuko uani na bisibisi. Nikimnyang'anya, utanipa nini cha kumpa badala yake?" Waliolea watoto wa kiume Eastlands wanajua wale vijana wa kona ni akina nani na wanatumia nini. Tulirudi nyuma. Hata hivyo tuliweka sharti kwamba hatachaji ila mama yake au sisi tupo, na kwamba ataandika daftarini volti za kila seli, kabla na baada.

Jambo la safari nalo lilijitokeza wiki hizo hizo, kwa kuwa Idi ilikuwa inakaribia na familia inashuka Mombasa. Mtoto alitaka kuijaza betri kabisa ili aikute tayari akirudi. Kumbe betri ya lithiamu ikikaa imejaa siku nyingi huzeeka upesi na huweza kuvimba yenyewe, na ikikaa tupu hufa. Inapenda kukaa katikati, volti 3.8 hivi kwa kila seli, mahali penye ubaridi. Chaja ya kusawazisha ina chaguo lake la kuhifadhi, lililoandikwa Storage, ambalo huipandisha au kuishusha betri hadi hapo. Wazazi wenye droni za kazi ya harusi walizingatie hili baina ya msimu na msimu.

Imebakia ile iliyovimba. Rai yetu ya jalalani ilikuwa mbaya kuliko tulivyojua. Taka za mitaa yetu huishia Dandora, na huko wapo akina mama na watoto wanaochambua taka kwa mikono, na moshi hauishi. Betri ikikanyagwa na lori, au ikitobolewa na chuma cha mchambuzi, huwaka hapo hapo. Wako wanaopendekeza kuitia betri kwenye maji ya chumvi ili iishiwe nguvu. Fundi hakulipenda, kwa kuwa chumvi hula nyaya za nje kabla nguvu ya ndani haijaisha, na mtu akadhani imekufa ilhali ingali hai. Yeye aliimaliza polepole kwa kuiwashia balbu ndogo ya gari, uani, akiwa amesimama upande wa upepo, mpaka mita ikasoma karibu na sufuri. Kisha akazifunga ncha za nyaya kwa utepe, kila moja peke yake. Nairobi kipo kituo kinachopokea taka za vifaa vya umeme, WEEE Centre, na betri yetu itapelekwa huko pamoja na simu mbili za zamani na pawabanki ya jirani iliyoanza kutuna. Akina mama wa nyumba ile wamekwisha kuleta vyao vingine, ndoo inakaribia kujaa.

Juu ya bodaboda za umeme, ambazo wasomaji kadhaa wametuuliza kama nazo zina hatari hii, tutasema machache. Betri zake ni za jamii moja, lakini ndani yake mna mtambo unaosawazisha na kulinda kila seli wakati wote, na katika kampuni kama Ampersand, iliyoanzia Rwanda na sasa ipo Nairobi, dereva habebi betri nyumbani bali huibadilisha kituoni. Lililo hatari ni betri iliyofunguliwa na fundi wa kubahatisha, ikafungwa upya bila mtambo huo. Hilo lina makala yake.

Daftari la mjukuu wetu limefika ukurasa wa tatu. Juma lililopita aliandika 3.71 na 3.69 kabla, 4.20 na 4.20 baada. Jumatatu alitupigia simu akilia karibu, kwamba moja imesoma 4.20 na nyingine 4.18, na je, aitupe? Tukampa namba ya fundi. Fundi alimwambia tofauti ndogo hiyo haina neno, ila aendelee kuandika, na ikifika nukta moja nzima ampelekee aione.